Windows 10 imestaafu. Mafaili yako yanaishi wapi?

Mama wa masijala aliponiona naingia na flashi mkononi, alifunika kibodi kwa viganja vyote viwili. "Mwanangu, hii inafanya kazi. Usiiguse." Nikamwamkia, nikavuta kiti cha wageni, nikaanza kumweleza kwa nini kompyuta inayofanya kazi ndiyo inayoninyima usingizi. Chai yake haikuwa imepoa alipokuwa amenielewa. Haya ninayoandika ni kwa wahadhiri na watumishi wenzangu ambao bado wakinisikia kwenye korido wanafunga mlango.

Mimi ni afisa TEHAMA katika chuo kimoja hapa Tabora. Kitengo kizima ni watu wawili na pikipiki ya mwenzangu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kazi yetu kubwa ni moja: Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015, uliacha siku hiyo kupewa masasisho ya usalama ya bure. Kompyuta hazikuzimika, na hapo ndipo tunapoonekana watu wa kutisha watoto.

Tatizo liko hivi. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya mianya iliyogunduliwa kwenye Windows 11. Windows 10 na 11 ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mianya mingi ya mdogo imo pia kwa kaka yake. Mdogo akitiwa kiraka, mwizi anayejua kazi yake anakichunguza kile kiraka, anajua tundu liko wapi, kisha anakwenda kulitafuta kwa yule ambaye hajatiwa. Kadiri miezi inavyopita, matundu yanaongezeka. Halafu kuna jambo ambalo karibu hakuna anayelitaja: Office 2016 na Office 2019 nazo zilifikia ukomo tarehe hiyohiyo. Ukiniuliza mimi, naiogopa zaidi hiyo, maana nyaraka za Word zinazotumwa kwa barua pepe ndizo njia ya zamani na ya uhakika ya kuingizia virusi ofisini.

Nikifika ofisini kwako, kompyuta yenyewe si kitu cha kwanza. Nauliza: Dokta, kazi zako ziko wapi? Jibu ni "ziko humo." Humo wapi? "Kwenye desktopu." Nikiangalia, picha ya ukutani haionekani kwa wingi wa mafaili: MATOKEO MWISHO, MATOKEO MWISHO KABISA, MATOKEO HAYA NDIYO. Yote yako kwenye diski moja yenye umri wa mwanafunzi wa darasa la tano. Kabla hatujazungumzia Windows yoyote, hayo yanahamia kwenye diski ya nje mbele ya macho yako, na unafungua mawili matatu kuhakikisha yanasomeka. Wengi wanaona nawapotezea muda. Sisogei hatua nyingine mpaka hilo liishe.

Baada ya hapo ndipo naangalia mashine. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Hizo mbili za kwanza tunazo karibu kote, ingawa kwa GB 4 utalia. Weka 8 kama unaweza. Kinachotukwamisha ni umri wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kwa Intel wanaanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Unaweza kujikagua bila kunisubiri: soma stika au fungua sifa za kompyuta, tafuta namba inayofuata i3, i5 au i7. Ikiwa i5-8250U, tarakimu ya kwanza ni 8, basi ni kizazi cha nane, umepona. Ikiwa i5-6500, ni kizazi cha sita, tutaongea. Kwa chipu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ikikujibu kwamba TPM haionekani usikate tamaa, maana kwenye mashine nyingi imo lakini imezimwa ndani ya BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijaanza, mara nyingi kwa jina la PTT. Naiwasha kwa dakika mbili.

Zile za zamani kidogo zina kizingiti kingine: diski ziligawanywa kwa mtindo wa kale ambao Windows 11 haiukubali. Kuna amri ya mbr2gpt inayobadilisha mgawanyo bila kufuta kitu. Siiendeshi kamwe kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, nitakuwa nimefuta kwa mkono wangu kazi ya miaka.

Hapa lazima nisimulie kisa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwalimu mmoja alinunua laptopu mpya kabisa, ikaja na Windows 11 ndani, akaisanidi nyumbani. Ilipoomba akaunti ya Microsoft hakuwa nayo, akamwita kijana wake wa kidato cha nne aliyekuwa likizo; kijana akaweka ya kwake, kazi ikaisha, wote wakafurahi. Miezi baadaye nikagusa kitu kwenye BIOS ili projekta ya kumbi ikubaliane nayo. Ikawaka na skrini ya bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Mwalimu akanitazama kama aliyeibiwa na mgeni wake. Kumbe Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft huweza kufunga diski nzima kwa siri yenyewe, bila tangazo, na ufunguo wake huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Akaunti ilikuwa ya kijana, kijana yuko shule ya bweni Mwanza, na simu shuleni haziruhusiwi. Tuliupata Jumapili, kwa simu ya mwalimu wa zamu, kijana akisoma tarakimu sita sita na baba yake akizirudia kwa sauti kama anaswalisha. Kosa lilikuwa langu: nilipaswa kusimamisha ule ufungaji kabla ya kugusa BIOS. Siku hizi nasimamisha kwanza. Nanyi, tumieni akaunti zenu wenyewe, na mchapishe ufunguo huo kwenye karatasi ikae kabatini. Ndiyo, karatasi.

Tuje kwa mashine ambazo hazifai kwa Windows 11. Wenzangu wa idara fulani waliniletea flashi yenye Windows 11 "iliyolegezwa" isiyouliza chipu. Inaingia, sikatai. Lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine isiyokidhi masharti itaendelea kupata viraka, na viraka ndivyo tulivyovifuata tangu mwanzo. Mbaya zaidi ni kile kiprogramu cha kuamsha Windows bila leseni. Sharti lake la kwanza huwa ni kuzima kinga ya virusi. Fikiria mgeni anayebisha hodi na kukuomba kwanza umfunge mbwa.

Njia halali ipo na ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Microsoft inauza viraka vya nyongeza vya Windows 10 hadi miaka 3 baada ya ukomo. Kwa taasisi za kawaida bei ni dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, kisha inazidishwa mara mbili kila mwaka. Kwa taasisi za elimu ni dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Dola moja! Nilipoiweka kwenye bajeti, mhasibu alinipigia akiuliza kama nimesahau sifuri. Kikwazo ni kwamba zinanunuliwa kupitia mkataba wa leseni wa taasisi, si dukani, na Windows 10 yenyewe lazima iwe toleo la 22H2. Andika winver mahali pale ulipoandika tpm.msc utaliona toleo lako. Ofisi ya mitihani na ya uhasibu ndizo nilizozitanguliza huko, kwa sababu programu zao hazitaki kuhama.

Nyingine, hasa za maktaba na za kuandikia tu, natia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na LibreOffice mahali pa Office, na diski ya kasi iitwayo SSD nikiipata. SSD peke yake huifanya mashine ya mwaka 2013 iamke kama haijawahi kulala. Mzee mmoja wa maktaba alinibishia kwamba Linux ni mambo ya wazungu. Nikamkumbusha kuwa mwaka 2004, kabla wengi hatujamiliki hata simu, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani menyu zote kwa Kiswahili. Tulikuwa na ofisi ya Kiswahili kwenye kompyuta, tukaipa kisogo. Hilo bado linaniuma, lakini si la leo.

Kuna wanaoniambia: kijana, unahangaika na diski za nini, weka kila kitu mtandaoni. Naweka. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kusini, na Tanzania nzima ikabaki inachechemea kimtandao. Aliyekuwa na mitihani yake kwenye Google Drive pekee aliijua siku hiyo tofauti ya kuwa na faili na kuwa na anwani ya faili. Nakala moja mtandaoni, nyingine kwenye diski ya nje, na diski hiyo isishinde imechomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha hufunga na diski iliyochomekwa.

Isishinde imechomekwa pia kwa sababu ya radi. Nyie mnaijua Tabora ya Novemba, embe linaiva na mbingu inapasuka. Watu huchomoa waya wa umeme wakadhani wamemaliza, wakaacha kebo ya mtandao. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine hubeba radi vizuri tu. Tumepoteza swichi na kompyuta zilizokuwa zimezimwa kwa njia hiyo. Ndiyo maana sasa kati ya majengo tunalaza nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme, na ambazo hazina ule ukomo wa mita 100 wa shaba. Mpaka tufike jengo lenu, ukiona wingu jeusi upande wa Urambo, chomoa zote mbili.

Kompyuta zinazotoka ofisini nazo zina neno. Usimpe mtu wala usiipeleke mnadani kwa kuwa "nimeifomati." Kufomati kwa haraka ni kuchana rejesta ya masijala ukaacha majalada yote kwenye shubaka, Mama alicheka nilipomwambia hivyo, kisha akaacha kucheka. Ndani kuna matokeo ya wanafunzi, namba za simu za wazazi, barua za likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na chuo ndicho kitakachoulizwa. Diski ya zamani inaandikwa sifuri juu yake yote, usiku kucha. Ikishindikana inatobolewa kwa drili, kazi ambayo mwenzangu anaipenda kupita kiasi.

Msipakue Windows 11 kwa bando zenu. Faili lake ni zaidi ya GB 5, ninalo kwenye flashi, na masasisho mengine nimeziruhusu kompyuta za chuo zigawiane zenyewe ndani ya mtandao wetu badala ya kila moja kuvuta yake.

Jumanne naanza jengo la maktaba, halafu taaluma. Njoo na chaja, diski ya nje ukiwa nayo, na nywila yako mwenyewe, si ya katibu muhtasi aliyehamia Nzega. Mama wa masijala tayari. Juzi kanipigia kwamba ile menyu ya kuanzia imehamia katikati na anaitaka irudi kushoto. Nimemrudishia.