Tenti ya kupuliza ni kitu gani, na mbona inafaa kempu ya usiku mmoja

Tenti ya kupuliza ni tenti isiyo na vyuma wala vijiti vya kuunganisha. Pale vyuma vingekaa kuna mirija minene imeshonewa kwa kitambaa chenyewe, unachomeka pampu, unajaza upepo, mirija inakazana na tenti inasimama. Ni hivyo tu. Shida ni kwamba ukitaja tenti ya kupuliza hapa Nairobi mtu anawaza ile baunsing kaso ya bathdei za watoto, na hizo ni vitu viwili tofauti kabisa. Baunsing kaso inavuja kwa kila mshono, ndio maana feni inanguruma mchana kutwa na stima ikipotea yote inalala chini. Tenti ya kempu haitaki feni, ukishajaza unafunga valvu, unatoa pampu unaweka kando, na upepo unakaa humo wikendi nzima kama hakuna mahali imetoboka.

Ukifungua zipu ya huo mrija utaona umejengwa kama tairi na tyubu yake. Nje ni kitambaa kigumu cha poliesta kisichovutika, ndani ni tyubu ya plastiki laini, nyingi siku hizi ni ya TPU, aina ya plastiki inayonyumbuka. Tyubu kazi yake ni kushika upepo, kitambaa kazi yake ni kuizuia isivimbe ikapasuka. Kila kampuni ina jina lake ili ionekane imegundua kitu, Vango wanasema AirBeam, Decathlon kwa zile Quechua zao wanasema Air Seconds, lakini wazo ni lile lile.

Presha yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyofikiria. Nyingi zinataka kati ya 5 na 9 psi, hicho ni kipimo cha presha, namba kamili imeandikwa karibu na valvu ama kwa kile kitabu kinachokuja nayo, wakati tairi ya gari ndogo inabeba 30 na kitu. Kwa hivyo ile habari ya kupitia petroli stesheni ujaziwe na kompresa achana nayo, ile mashine imetengenezewa tairi, geji yake kwa presha ya chini hivyo haikupi namba ya kuaminika, na ukiteleza kidogo tu tyubu imeenda. Tumia pampu ya mkono iliyokuja na tenti, ile inayosukuma upepo ukivuta mpini juu na ukiushusha, ama ile ya umeme ya kuchomeka kwa gari.

Sasa mbona kempu fupi. Kwa maoni yangu hapa ndipo hizi tenti zina maana, na kwingine ni anasa tu. Fikiria mtu wa Nairobi anayefanya kazi Jumamosi nusu siku. Anatoka saa 7, anapitia sokoni na kwa bucha, anakula jam ya Waiyaki Way, Rironi imesimama, anashuka Mai Mahiu nyuma ya malori, anafika Naivasha jua limeshaanza kuinama. Na sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama saa 12 na nusu hivi mwaka mzima, na likishazama haikupi nafasi, kama dakika 20 hivi ni giza. Tenti kubwa ya familia ya vyuma, kama hujaizoea, ni kazi ya nusu saa ama zaidi ya kutafuta chuma gani kinaingia wapi huku umeshika tochi kwa meno na watoto wanauliza chakula. Ya kupuliza ya watu 4 ni dakika 10 hivi, na mtu mmoja anaweza peke yake. Ukienda kukaa wiki nzima hiyo tofauti haikusumbui, lakini ukienda usiku mmoja, nusu saa ya mwisho yenye mwanga ndio kempu yako yenyewe, hapo ndipo unawasha moto unageuza nyama. Hicho ndicho kitu unalipia.

Kufungasha ni hadithi nyingine. Asubuhi haikuokolei muda wowote, mirija haitoi upepo wote kwa hiari, lazima ukunje kutoka upande usio na valvu kuelekea kwenye valvu ukikandamiza na magoti. Pampu nyingi za mkono zina tundu la pili la kufyonza, litumie, la sivyo ule mfuko iliyokuja nayo hautaiona tena.

Halafu kuna uzito. Tenti ndogo ya watu 2 ya vyuma inaweza kuwa kilo 3, hii ya familia ya upepo inafika kilo 15, zingine zinapita 20. Ni mzigo wa buti ya gari. Kwa matatu utaangaliwa vibaya na makanga atakulipisha kiti cha pili, na kama mpango ni kupanda Mlima Kenya ama kutembea Aberdare na begi mgongoni, sahau kabisa.

Kitu kinachotisha watu wakiwa wapya ni kuamka usiku na kukuta mirija imelegea. Si lazima iwe pancha. Upepo ukipoa unapungua nguvu. Ukijaza hadi 7 psi mchana wa nyuzi 30 pale Naivasha, usiku ikishuka hadi nyuzi 10 geji itasoma karibu 6 bila tundu lolote. Piga pampu mara chache kabla ya kulala, basi. Hatari zaidi ni kinyume chake, umejaza alfajiri kukiwa baridi kisha ukaiacha juani ukaenda mbuga ya Hell's Gate na baiskeli, kitambaa kikipata moto hadi nyuzi 40 ile 7 inakaribia 9. Zingine zina valvu inayotoa yenyewe upepo wa ziada, kama yako haina, punguza kabla hujaondoka ama uiweke kivulini.

Pancha yenyewe mara nyingi haitokei tenti ikiwa imesimama, inatokea wakati wa kukunja, umepiga magoti juu ya mrija na chini yake kuna mwiba wa mgunga, na kando ya ziwa Naivasha migunga ndiyo imejaa. Fagia mahali kabla ya kutandika, na uweke turubai chini. Ikitoboka bado si mwisho, mirija mingi ya tenti nzuri inajitegemea ama ina kifungio katikati, mmoja ukilala mingine inabaki. Unafungua zipu, unavuta tyubu nje, unaipaka maji ya sabuni uone povu linatokea wapi, unasafisha na spiriti, unabandika kiraka kilichokuja na tenti. Fundi wa pancha wa mtaani atakutafutia hilo tundu kwa beseni lake kwa sekunde, mpe hiyo kazi, lakini asikuchomee kile kiraka cha moto, kile ni cha mpira, plastiki hii itayeyuka mbele ya macho yenu.

Kwa upepo mkali kama ule wa Ngong Hills, na si bure wameweka mitambo ya kuzalisha stima kule juu, mrija una faida moja nzuri, unapinda kisha unarudi, wakati kijiti cha faibaglasi kikishapasuka kimepasuka. Lakini kamba na pegi bado ni lazima, mrija unashikilia umbo tu, haushikilii tenti isiende. Na baridi ikizidi tafadhali jiko la makaa libaki nje, si kwa sababu ya tyubu, ile hewa ya makaa inaua watu wamelala.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, utairudisha Nairobi ikiwa imelowa, hata umande tu unatosha. Kwa wanaoishi flati hii ndio kazi kubwa kuliko kempu yenyewe, kupandisha kilo 15 za kitambaa chenye maji hadi kwa kamba za nguo juu ya nyumba na kubembeleza keateka asiishushe. Ukiiacha kwa mfuko wiki moja itaota ukungu na ile harufu haitoki.

Ukienda kununua, usidanganywe na rangi. Mwambie muuzaji afungue zipu ya mrija mmoja uone kama tyubu inatoka ama imegundishwa moja kwa moja, angalia kitambaa cha juu kimeandikwa angalau 3,000 mm ya kuzuia maji, yaani urefu wa maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijavuja, na uulize tyubu ya spea inapatikana wapi na kwa pesa ngapi. Kama hana jibu la hilo la mwisho, anza kuongea bei upya.