Msuko wa Mchina haukuwa ukaidi

Katika vibonzo vya Marekani vya karne ya 19, hasa vya jarida la The Wasp la San Francisco, Mchina hakosi msuko mrefu. Mwaka 1881 George Frederick Keller alimchora Mchina kama sanamu kubwa bandarini, kwa kuiga Sanamu ya Uhuru, kiko cha kasumba mkononi. Hadi leo wengi huamini msuko ule ulikuwa mila ya kale, dalili ya watu waliokataa kuishi kama wenzao.

Sivyo. Mwaka 1645 watawala wa Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, ambao walikuwa Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, waliwaamuru wanaume wa Kihan, yaani Wachina walio wengi, wanyoe nywele za mbele na kusuka za nyuma. Aliyekataa aliuawa. Kibarua wa California aliyetamani kurudi kwa mkewe na wazazi wake angethubutuje kuukata? Kwao angehesabiwa mwasi. Naona uchungu wa vibonzo vile upo hapo hasa: nira ya mtu iligeuzwa kichekesho. Jiji la San Francisco nalo liliwanyoa wafungwa wa Kichina kwa nguvu, hadi mahakama ilipolizuia mwaka 1879.

Qing ilipoanguka mwaka 1912, wanaume wengi waliikata misuko yao.