Ukipanua barabara, foleni itaisha?

Asubuhi, kwenye barabara ya kutoka Dodoma mjini kwenda Mtumba, hukosi abiria wa kusema: “Wakiongeza njia mbili tu, foleni kwisha.” Sivyo. Barabara ikipanuka, aliyekuwa akipanda daladala hununua gari, na mwenye gari huhamia mbali zaidi. Houston, Marekani, walipanua barabara ya Katy hadi njia 26 katika baadhi ya sehemu, wakamaliza 2008. Miaka michache baadaye safari za jioni zilichukua muda mrefu zaidi. Suala ni nafasi. Kosta moja hubeba watu thelathini hivi (wakibanana, Mungu ndiye ajuaye) na hukalia lami isiyozidi ya magari madogo mawili. Hayo mawili mara nyingi yana watu wawili na mikoba yao.