Je, wajua kwa nini ngoma ya dabke huwatia nguvu vijana wa Palestina?

Nilipoona dabke mara ya kwanza, vijana wameshikana mikono katika mstari mmoja, wanakita miguu hadi vumbi linapaa, niliamini wanatoa hasira. Nani asingekuwa nayo, akizaliwa kambi ya wakimbizi? Maelezo hayo nayasikia bado: kijana apige mguu chini, apige mpira, moyo utapoa.

Sivyo. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliudhiwa makusudi, kisha wakapewa gunia la ndondi. Waliopiga huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi hata kuliko walioketi tu. Hasira ikifanyiwa mazoezi hukomaa. Kama dabke ingekuwa gunia la ndondi, ingewaachia vijana hawa moto uleule, pengine mkubwa zaidi.

Siri iko katika kwenda pamoja. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi huu ukipanda, ule unashuka. Hakuna anayehesabu, lakini kila mmoja anamtegemea mwenzake, la sivyo michi itagongana. Baada ya muda mikono inafuata mdundo wenyewe, na uchovu unachelewa kufika. Katika dabke kinu ndio ule mstari. Jirani yako akichelewa kutua, unamhisi kiganjani kabla sikio halijajua. Mbele yupo kiongozi, lawwih, anazungusha tasbihi au kitambaa, zumari ya mijwiz ikilia.

Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachezesha vijana 264 nchini Brazil, kisha wakawabana mkono kwa kifaa cha kupimia presha. Waliokuwa wamecheza kwa hatua moja walistahimili maumivu zaidi, na wakajiona karibu zaidi na wenzao. Michezo nayo ni hivyohivyo: wapiga makasia wa Oxford, mwaka 2010, walivumilia zaidi baada ya kufanya mazoezi pamoja kuliko kila mtu peke yake. Tahadhari ni kwamba kubanwa mkono si kuishi vitani, na vijana wale wa Brazil hawakuwa wamebomolewa nyumba.

Hata hivyo, Wapalestina hawakungoja maabara. Kambini Dheisheh, Bethlehem, kituo cha Ibdaa kimewafundisha watoto dabke tangu miaka ya 1990. Na wazee husimulia kwamba ngoma yenyewe ilizaliwa juu ya paa: nyumba ziliezekwa kwa udongo na majani makavu, na kabla ya mvua majirani waliitana kuushindilia kwa miguu, wakiimba ili watue pamoja.

Desemba 2023, kamati ya UNESCO ilipoketi Kasane, Botswana, iliiingiza dabke ya Palestina katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Vita vya Gaza vilikuwa na miezi miwili.