Je, wajua kwa nini Cairo ilichimba ardhi na Addis Ababa ikajenga treni yake juu?

Tarehe 27 Septemba 1987 Cairo ilizindua metro ya kwanza barani Afrika, na miaka 28 baadaye, mwezi Septemba 2015, Addis Ababa ikazindua treni nyepesi ya umeme, ya kwanza ya aina yake katika nchi za kusini mwa Sahara. Miji hii miwili ilisukumwa na shida ile ile, yaani watu waliokuwa wakiongezeka kila mwaka huku barabara zikibaki zile zile, lakini kila mmoja ulikuja na jibu lake. Mtu akiuliza sababu, jibu analopewa haraka ni kwamba metro ni ghali na treni nyepesi ni nafuu, kwa hiyo kila mji ulinunua ulichokiweza. Jibu hilo si la uongo, ila linaacha jambo kubwa zaidi, ambalo ni umbo la mji wenyewe na mahali ambapo reli zinaweza kupita.

Tuanze na Cairo, kwa sababu historia yake inasahihisha dhana ambayo wengi wetu tunayo, kwamba metro yote hupita chini ya ardhi. Njia ya kwanza ya metro ya jiji hilo, inayotoka Helwan upande wa kusini hadi El Marg upande wa kaskazini, ina urefu wa takriban kilomita 44, na kati ya hizo ni chini ya kilomita tano tu zilizo ndani ya handaki. Sehemu yote iliyobaki inapita juu ya ardhi, katika mapito ya reli za zamani. Kabla ya metro kulikuwa na treni mbili za viungani ambazo hazikukutana: ile ya Helwan iliishia Bab al-Luq, karibu na Uwanja wa Tahrir, na ile ya El Marg iliishia karibu na stesheni kuu ya Ramses. Katikati yake palikuwa na kitovu cha jiji, pamejaa maduka, wizara na majengo marefu, na abiria aliyetaka kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ilimbidi ashuke, agombanie basi, kisha apande treni ya pili. Wahandisi wa Misri na Ufaransa walichimba kipande hicho kifupi cha katikati, wakaweka vituo vitano chini ya ardhi na kuziunganisha reli mbili zikawa njia moja. Huduma ilianzia upande wa Helwan mwaka 1987, na upande wa El Marg ukaunganishwa miaka miwili baadaye.

Kisa hiki kina uzito, kwa sababu mjadala wa treni za mijini mara nyingi huendeshwa kana kwamba mji mzima unalazimika kuchagua kitu kimoja, juu au chini. Kwa hakika, majina “metro” na “treni nyepesi” hayasemi lolote kuhusu kimo cha reli. Metro ni mfumo wa treni ndefu zinazopita katika njia iliyotengwa kabisa, isiyovukwa na gari, mkokoteni wala mtu, hata kama njia hiyo iko juu ya nguzo. Vipande virefu vya metro ya Chicago, nchini Marekani, hupita juu ya madaraja ya chuma. Treni nyepesi ni ile iliyo fupi, inayoweza kupinda kona kali, inayoweza kupita katikati ya barabara na kusubiri taa kama gari. Neno “nyepesi” lenyewe linahusu zaidi wingi wa abiria ambao mfumo unaweza kuwabeba kuliko uzito wa chuma cha mabehewa. Nayo Addis Ababa, yenye treni nyepesi, ina kipande cha chini ya ardhi karibu na Uwanja wa Menelik II.

Kipimo ambacho wapangaji wa usafiri hukitazama kwanza ni idadi ya abiria wanaopita mahali pamoja, kuelekea upande mmoja, katika saa moja ya msongamano. Treni nyepesi iliyopangwa vizuri hutajwa kuwa na uwezo wa kufikia kama abiria 15,000 kwa saa, ilhali metro kubwa huweza kupita 40,000, na baadhi hufika 60,000 au zaidi. Tofauti hiyo haitokani na muujiza wowote wa handaki. Treni ya njia ya kwanza ya Cairo ina mabehewa tisa na inaweza kubeba zaidi ya watu 2,000 kwa safari moja, kwa hiyo treni 20 kwa saa, yaani moja kila dakika tatu, huwapitisha zaidi ya watu 40,000. Chukua sasa treni nyepesi ya sehemu tatu, yenye urefu wa kama mita 30, tuseme inabeba watu 280 wakiwa wamebanana. Unganisha mbili upate watu 560. Ili kuwapitisha watu 15,000 kwa saa utahitaji treni kama hizo 27 kila saa, na hiyo ni treni moja katika kila dakika mbili na sekunde chache. Njia inayokatiza makutano yenye taa haiwezi kutimiza ratiba ya namna hiyo bila kuyasimamisha magari yanayotoka pande nyingine karibu muda wote.

Basi kwa nini miji yote isichimbe tu? Kwa sababu chini ya jiji si mahali patupu. Kuna mabomba ya maji, mitaro ya maji taka, nyaya za umeme na za simu, misingi ya majengo, na katika jiji kama Cairo, lililokaa kando ya Mto Nile, kuna maji yenyewe, ambayo huanza kuonekana mita chache tu baada ya kuanza kuchimba. Handaki la njia ya kwanza lilijengwa kwa kuipasua barabara kutoka juu, kujenga kuta nene za zege pande zote mbili, kuchimba katikati, kisha kulifunika na kuirudisha barabara mahali pake. Maana yake ni kwamba mitaa ya katikati ya jiji iliishi kwa miaka kadhaa kama eneo la ujenzi. Njia ya pili, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1996, ilitumia mitambo inayochimba handaki kwa mviringo bila kuifumua barabara, na ndiyo iliyopita chini ya Nile yenyewe. Hata hivyo, mitambo hiyo haiondoi gharama ya vituo, ambayo watu wengi huisahau. Kituo cha chini ya ardhi ni jengo kubwa lililofukiwa, linalohitaji ngazi za umeme, lifti, mitambo ya kuingiza hewa, pampu za kutoa maji zinazofanya kazi usiku na mchana, na njia za kuwatoa watu wakati wa moto. Mji unaochimba huwa umeahidi pia kuyalipia hayo yote maadamu treni zinatembea.

Addis Ababa ilikuwa katika hali tofauti. Reli iliyoufikia mji huo kutoka Djibouti mwaka 1917 iliishia stesheni ya Legehar, na haikuacha mtandao wa mapito ya treni za viungani ambao ungeweza kurithiwa kama ule wa Helwan. Kilichokuwepo ni barabara pana. Ujenzi ukafanywa na kampuni ya Kichina, kwa gharama ya dola za Marekani zipatazo milioni 475, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo wa Benki ya Exim ya China, na kwa fedha hizo zikapatikana njia mbili zenye jumla ya zaidi ya kilomita 30 na vituo 39: moja kutoka Ayat mashariki hadi Tor Hailoch magharibi, nyingine kutoka Uwanja wa Menelik II hadi Kality kusini. Gharama hiyo ni kama dola milioni 15 kwa kilomita, na yote yalijengwa ndani ya miaka isiyozidi minne. Kwa mji uliohitaji usafiri wa haraka, hoja hiyo ina nguvu sana, na simlaumu aliyeikubali.

Lakini nafasi iliyochukuliwa juu ya ardhi nayo ina bei yake, hata kama haiandikwi kwenye mkataba. Ili treni isikwamishwe na magari, sehemu nyingi za njia zilizungushiwa kuta na uzio katikati ya barabara, na watu waliozoea kuvuka kwa miguu kwenda sokoni, kanisani au kwa jirani wakajikuta wakitembea mwendo mrefu hadi mahali pa kuvukia. Mama mwenye mzigo kichwani, mzee na mtu mwenye ulemavu ndio wanaoilipa gharama hiyo kila siku. Pia njia zote mbili zinatumia reli zile zile juu ya daraja, kwa karibu kilomita tatu, katikati ya mji. Ukirudi kwenye hesabu yetu utaona tatizo: treni zikipita darajani kila baada ya dakika tatu, kila njia hupata treni moja tu kwa dakika sita, na huwezi kuongeza treni upande wa Ayat bila kupunguza zile za Kality. Pahali palipohitaji nafasi kubwa kuliko pote, yaani katikati, ndipo palipobanwa. Cairo ilitumia fedha zake nyingi hasa mahali kama hapo.

Shida ya pili ya Addis Ababa haihusu juu wala chini. Mfumo ulianza na treni 41, lakini kwa kukosa vipuri, ambavyo vililazimika kuagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, idadi ya zilizoweza kutembea ilishuka baada ya miaka michache hadi chini ya nusu. Nauli ilikuwa imepangwa chini sana, kuanzia birr mbili hadi sita, jambo jema kwa abiria, ila mapato yake hayakuweza kuulipa mkopo na kununua vipuri kwa pamoja. Mji wenye treni zilizoegeshwa karakana hauna treni nyepesi wala nzito. Kwa maoni yangu, swali la nani atatengeneza mabehewa katika mwaka wa kumi, na kwa fedha ipi, linastahili kuulizwa kabla ya swali la handaki.

Kosa la kuchimba pasipohitajika nalo lipo. Toronto, nchini Canada, ilifungua mwaka 2002 njia ya metro ya Sheppard, yenye kilomita 5.5 na vituo vitano, kwa karibu dola bilioni moja za nchi hiyo, katika eneo lenye nyumba zilizotawanyika, na hadi leo abiria wake ni wachache kuliko wa njia nyingine za metro za jiji hilo. Mwaka 2007 jiji likatangaza mpango wa njia saba za treni nyepesi. Mwaka 2010 meya mpya, Rob Ford, akautangaza kuwa umekufa siku yake ya kwanza ofisini, kwa hoja kwamba wakazi wanataka metro. Njia ya Eglinton iliyonusurika ni ya treni nyepesi, lakini zaidi ya nusu ya kilomita zake 19 ziliwekwa chini ya ardhi, na ujenzi ulioanza mwaka 2011 ulikuwa haujakamilika mwaka 2024. Hapo mji ulibeba gharama za handaki na uwezo wa treni fupi kwa pamoja.

Kwetu, Dar es Salaam ilichagua mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu mwaka 2016 yanapita katika njia yao kutoka Kimara hadi Kivukoni, na kwa jambo la msingi, yaani njia iliyotengwa, yanafanana na treni nyepesi kuliko yanavyofanana na daladala. Njia kama hiyo, ikilindwa isivamiwe, inaweza siku moja kuwekewa reli. Lakini ninachokitazama zaidi ni reli ambazo tayari zipo. Mwaka 2012, wakati wa Waziri Harrison Mwakyembe, treni ya abiria ilianza kwenda na kurudi kati ya Stesheni na Ubungo kwenye reli ya kati, na nyingine kwenye reli ya TAZARA, na wakazi wakaipa jina la waziri huyo. Nairobi nayo ina reli zinazoingia katikati ya jiji kutoka pande kadhaa. Cairo ilipoanza ilikuwa na reli mbili zisizokutana, na hesabu ya kwanza iliyopigwa ilikuwa ni kilomita ngapi zinakosekana kati yake. Dar es Salaam na Nairobi zinaweza kuipiga hesabu hiyo hiyo mwaka huu, kabla mapito yaliyo kando ya reli hayajajengwa maduka na nyumba.