Dripu ya kasi kwa mtoto mwenye homa kali: maswali kuhusu utafiti wa Kathryn Maitland

Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland kupima kama dripu ya kasi inamsaidia mtoto mwenye homa kali, ulitoka 2011 lakini mpaka leo wazazi wanauulizia, na manesi wapya pia, na wengi wamesikia nusu tu ya stori, eti "dripu inaua watoto". Sivyo ulivyosema. Haya ndiyo maswali yanayorudi rudi.

Huyu Kathryn Maitland ni nani kwanza?

Ni daktari wa watoto kutoka Uingereza, profesa wa Imperial College London, ila kazi yake kubwa ameifanyia Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust. Watoto anaowashughulikia ni wale wanaofika wamezidiwa kabisa, malaria kali, maambukizi kwenye damu, utapiamlo, upungufu wa damu. Mimi kinachonivutia kwenye machapisho yake ni kwamba anauliza vitu ambavyo kila wodi inavifanya kila siku na kila mtu anaamini jibu linajulikana, yaani dripu, damu, oksijeni.

FEAST yenyewe ilikuwa inatafuta nini?

Mtoto akija na homa kali, amelegea fahamu au anahema kwa shida, halafu mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu, madaktari duniani walifundishwa kwamba mzunguko wa damu umeshuka, kwa hiyo mmiminie maji ya dripu haraka haraka ili urudi. Kwa nchi tajiri hiyo ilikuwa kama sheria. Swali likawa je, hilo linafanya kazi kwenye hospitali zetu ambazo hazina ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) wala mashine ya kupumulia? Wakachukua watoto wa kuanzia siku 60 mpaka miaka 12 kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kuanzia 2009, na kila mtoto kundi lake lilichaguliwa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza walipewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, la pili maji ya chumvi kwa kasi, la tatu hawakupewa dripu ya kasi, walipewa ile ya polepole tu.

Ili uone tofauti chukua mtoto wa kilo 10. Kwenye dripu ya kasi alipata mililita 200 ndani ya saa moja, na baadaye utaratibu ulivyobadilishwa ikafika 400. Yule wa polepole alipata kama mililita 25 mpaka 40 kwa saa. Mengine yote sawa, antibayotiki, dawa ya malaria, oksijeni, damu kwa aliyepungukiwa.

Matokeo yalikuwaje?

Yaliwashtua wenyewe. Walipanga kuandikisha watoto 3,600, lakini Januari 2011 kamati huru iliyokuwa inaangalia takwimu ikasema simamisheni, wakiwa wamefika 3,141. Ndani ya masaa 48 walifariki watoto 111 kati ya 1,050 wa albumini, 110 kati ya 1,047 wa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa dripu ya kasi. Yaani asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Kwa kila watoto 100 waliomiminiwa maji haraka, kama watatu zaidi walikufa. Paper ikatoka mwaka huo huo kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine.

Inakuwaje miaka yote hiyo hakuna aliyegundua?

Hapa ndipo pananigusa zaidi. Waandishi walirudi kwenye takwimu zao, wakachapisha uchambuzi mwingine 2013, na humo kuna kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kukaa wodini anapaswa kukijua. Saa moja baada ya kuanza, waliopewa dripu ya kasi walionekana wanaendelea VIZURI kuliko wenzao: dalili za mshtuko (yaani mzunguko wa damu kushindwa kufikisha damu mwilini) zilikuwa zimeisha kwa asilimia 43 yao, na kwa wale wa polepole ni asilimia 32 tu. Sasa fikiria daktari yuko pale, anamwaga maji, anashika mkono anaona umeanza kupata joto, mapigo yamerudi, anaandika kwenye faili "ameitikia" anaenda kwa mgonjwa mwingine, na masaa kadhaa mbele mtoto anafariki usiku na watu wanasema malaria ilikuwa kali sana, na kwa kweli ilikuwa kali, kwa hiyo hakuna hata mmoja ambaye angeshuku dripu. Macho ya daktari mmoja hayawezi kuona watatu wa ziada kwenye mia. Bila kundi la kulinganisha hiyo kitu ingeendelea mpaka kesho.

Sasa maji yaliwaua vipi, yalijaa kwenye mapafu?

Wengi walidhani hivyo, mapafu au ubongo kuvimba. Lakini huo uchambuzi wa 2013 ulionyesha vifo vya ziada vilikuwa zaidi vya moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Uchambuzi mwingine wa 2019 ukaongeza kwamba kumwagiwa maji mengi ghafla kulizimua damu na kuongeza asidi mwilini, na upumuaji na fahamu zikazidi kuwa mbaya. Mtoto ambaye tayari ana damu kidogo ukimzimua tena unategemea nini?

Wazazi waliridhiaje mtoto akiwa katika hali ile?

Swali zuri na watu hawaliulizi vya kutosha. Mama ambaye mtoto wake anakata roho huwezi kumpa kurasa za fomu asome. Kwa hiyo pale ambapo hakukuwa na muda, mzazi aliambiwa kwa kifupi na kukubali kwa mdomo, halafu maelezo kamili na sahihi vikafuata hali ikitulia. Kamati za maadili ziliruhusu utaratibu huo, ila bado unabishaniwa na binafsi naona ni haki ubishaniwe.

Nasikia wataalamu wengine waliukataa?

Waliupinga, ndio. Walisema watoto wengi walikuwa na malaria (kweli, zaidi ya nusu), wengi wana upungufu mkubwa wa damu, na vigezo vya kuingia vilikuwa vyepesi mno, dalili moja tu ya mzunguko mbovu ilitosha. Hoja si za kipuuzi. Tatizo lake ni kwamba waandishi walipowagawa watoto, wenye malaria na wasio na malaria, wenye damu ya kutosha na waliopungukiwa, hawakupata hata kundi moja ambalo dripu ya kasi iliwasaidia. Kilichobaki na nguvu ni ile ya ICU, kwamba penye mashine ya kupumulia na uangalizi wa karibu mambo yanaweza kuwa tofauti, na hilo FEAST haikulipima.

Umebadilisha nini basi, au umebaki kunukuliwa tu?

Kunukuliwa umenukuliwa sana, na wanaoukubali na wanaoukataa, huwezi kuandika kuhusu maji kwa mtoto mwenye maambukizi makali ukaupita. Wodini ndiko kulikochelewa. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani cha 2013 kiliendelea na dripu ya kasi kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka 2014 Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliyeongoza upande wa Uganda wa FEAST, na wenzake wakaandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ kulalamika wazi kwamba takwimu za FEAST zimeachwa. Mwaka 2016 shirika likatoa mwongozo mpya unaosema mtoto mwenye dalili moja moja za mzunguko mbovu lakini hajafikia mshtuko kamili asipewe maji ya kasi. Miaka mitano! Halafu 2020 mwongozo wa kimataifa wa sepsisi (maambukizi makali yanayoharibu viungo vya mwili) kwa watoto ukapendekeza kwamba pasipo na ICU, mtoto ambaye presha haijashuka asimwagiwe maji kwa kasi. Na mtindo wenyewe wa kuuliza ulienea, 2017 kule Lusaka walijaribu kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, waliomwagiwa maji mengi zaidi walikufa asilimia 48, wenzao asilimia 33.

Maitland naye aliendelea. TRACT, utafiti wake mwingine uliotoka 2019 kutoka Uganda na Malawi, uliuliza mtoto mwenye damu ndogo aongezewe kiasi gani, na jibu likaja limegawanyika: asiye na homa alifaidika na damu nyingi zaidi, mwenye homa alidhurika nayo. Kipimajoto tu kinaamua kiasi cha damu, nani angewaza.

Kwa hiyo mtoto wangu akiandikiwa dripu nikatae?

Hapana, tafadhali usikatae. FEAST iliwaacha nje makusudi watoto wanaoharisha na kuishiwa maji, wenye utapiamlo mkali na walioungua. Mtoto wa kuharisha aliyekauka, macho yameingia ndani, akikoseshwa maji anakufa, na yule hata kwa kasi anapewa. Pia watoto wote wa FEAST walipata maji, ubishi ulikuwa kasi na kiasi. Unaweza kuuliza kwa heshima tu, "dokta, hii ni ya kuishiwa maji au ni ya homa, na itaenda kwa muda gani?"

Nyumbani niangalie nini?

Mtoto ana homa, shika miguu na viganja. Kama mwili unawaka moto halafu miguu ni ya baridi, bonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe halafu achia, rangi ikichelewa kurudi mpaka sekunde tatu au zaidi, usisubiri asubuhi. Hata miguu ikiwa na joto, akilegea, haamki vizuri, anahema kwa shida, kapata degedege au hawezi kunyonya, ni hospitali moja kwa moja, sio dukani kutafuta mtu wa kumtundikia dripu mtaani.

Na mkishalazwa, kile kigurudumu kidogo kwenye mrija wa dripu mwachieni nesi. Kuna ndugu wanakifungua eti chupa iishe mapema mtoto apate nguvu, na hapo ile mililita 30 ya kwa saa inageuka 200 bila mtu yeyote kuandika kwenye faili. Ukiona inakimbia au imesimama, muite nesi.