Je, wajua kwa nini bwawa la udongo linavuja na mafundi hawashtuki?

Ukitembea chini ya tuta la bwawa la zamani la udongo, yale yanayotunza maji ya kunywa ya mji, mara nyingi utakuta pahala ardhi imelowa, majani yamestawi kuliko kwingine, na kijito chembamba kinachuruzika hata wakati wa kiangazi. Mgeni akiona hivyo anapiga simu mbio mbio, jamani bwawa linavuja! Ni kweli linavuja, ila hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji hata kidogo. Wanaolitunza wanauliza maswali mawili tu, yanatoka kiasi gani, na yana rangi gani.

Mimi naona kwenye rangi ndo kwenye mambo yote.

Katikati ya tuta kwa kawaida kuna udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa sana, huku na huku umeegemezwa na udongo mwingine au mawe. Maji ya bwawani yanasukuma muda wote, kwa hiyo yanajipenyeza taratibu na kutokea upande wa pili. Yakitoka meupe maana yake yamepita bila kubeba kitu. Yakitoka na tope, basi yanabeba udongo, na udongo huo ni wa tuta lenyewe! Inaanzia kule yanakotokea, chembe chache zinaondoka, panabaki kijishimo, sasa njia ya maji imekuwa fupi zaidi kwa hiyo nguvu inaongezeka, yanachimba tena kurudi nyuma kuelekea bwawani, hivyo hivyo mpaka kijishimo kinageuka mrija unaopita ndani ya tuta huku juu nyasi ziko vilevile kama jana. Kupima sio kazi ngumu, chota maji kwenye chupa isiyo na rangi, iache imetulia usiku kucha, asubuhi angalia kitakoni. Kukiwa na utando wa tope laini ambao wiki iliyopita haukuwepo, siku hiyo hakuna kazi nyingine.

Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilikuwa jipya kabisa, lina kimo cha mita 93 hivi, na ndo kwanza linajazwa. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 yalionekana maji ya tope yanatoka ubavuni. Wakapeleka mabuldoza kuziba shimo, mabuldoza mawili yakamezwa na shimo lenyewe, na kabla ya saa sita mchana tuta likakatika. Watu 11 walikufa. Kutoka tope la asubuhi mpaka tuta kukatika ni masaa tu.

Kwenye bwawa kuukuu mambo huwa ya polepole zaidi, ndo maana kipimo ni muhimu kuliko macho. Maji yanayovuja yanaelekezwa kwenye mfereji mdogo wenye bati lililokatwa pembe kama herufi V, unasoma kina, unaandika, na pembeni unaandika bwawa lilikuwa limejaa kiasi gani. Bwawa likijaa zaidi na uvujaji ukaongezeka, hiyo ni kawaida. Bwawa liko palepale ila uvujaji umeongezeka, hapo kuna neno. Na hata ukipungua ghafla usifurahi haraka, huenda mifereji ya ndani ya tuta, ile inayotoa maji yaliyopenya, imeziba na maji yanajikusanya ndani ya tuta.

Af watu wengi wakiona pahala panatoa tope wanakimbilia kuziba na udongo au zege. Hapana. Ukiyafungia yatatafuta pengine pa kutokea. Unatandaza mchanga, juu yake changarawe, juu yake mawe, ili maji yaendelee kutoka lakini udongo ubaki ndani.

Kitu kingine kinachoninyima raha kwenye haya mabwawa ya zamani ni bomba la kutolea maji. Linapita chini ya tuta toka enzi hizo, ni la chuma, linakula kutu mahali ambapo hakuna anayeona. Kama vali, yaani koki ya kufungia maji, iko kule yanakotokea tu, bomba zima linakaa na presha ndani ya tuta mchana na usiku, likitoboka maji yanaanza kuchimba kutokea katikati. Siku hizi wanaingiza kamera ndani ya bomba kukagua, na ni pesa iliyotumika vizuri kabisa.

Miti nayo, hata kama inapendeza, haitakiwi juu ya tuta. Mizizi ikifa inaoza na kuacha vijinjia vya maji, na upepo ukiung'oa mti unaondoka na kipande cha tuta. Nyasi fupi zinatosha, tena zinakuonyesha mashimo ya panya na mchwa mapema.

Halafu kuna utoro, ile njia ya kumwaga maji ya ziada mvua zikizidi. Maji yakipanda juu ya tuta la udongo yanalikata, kwa hiyo utoro lazima uwe wazi na ukingo wa juu wa tuta usiwe umebonyea pahala. Bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lililojengwa kwa ajili ya maji ya mfereji wa kupitishia mashua, baadaye liliangukia mikononi mwa klabu ya matajiri. Mabomba yake ya kutolea maji yalikuwa yameshang'olewa, ukingo wa juu ukapunguzwa kimo ili magari ya farasi yapite, na kwenye utoro kukawekwa wavu samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikaja, maji yakapita juu ya tuta, na watu zaidi ya 2,200 wakapoteza maisha kwenye mji wa Johnstown ulioko chini yake na vijiji vya njiani. Inauma kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kinarekebishika.

Sasa ukiona hatari si ufungulie maji yote yaishe haraka? Bwawa lazima lishushwe, ila ule mteremko wa upande wa majini umelowa miaka mingi, na maji ya nje ndo yaliyokuwa yanauegemeza. Yakiondoka ghafla, uzito wa maji yaliyobaki ndani ya udongo unaweza kuuporomosha wenyewe. Kwa hiyo mhandisi anapanga yashuke kiasi gani kwa siku, na mtu anakaa pale juu anaangalia kama kuna ufa unafunguka kando ya ukingo.